Pima kwa jozi: namna ya kudhibiti sukari katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kugundulika na kisukari

Mtu anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana kisukari, huondoka kliniki na orodha ya vyakula alivyokatazwa, na kabla hajafika kwake orodha hiyo huwa imeshaongezwa na jirani, shemeji, muuza duka la dawa na kila aliyewahi kuuguza mzazi mwenye sukari. Mmoja humwambia aache wali kabisa, mwingine humwambia ale dona peke yake, wa tatu humletea chupa ya majani yaliyochemshwa. Mimi niligundulika sukari yangu ikiwa 11.4 asubuhi kabla ya kutia kitu mdomoni, nikapewa dawa na orodha ya namna hiyo, nikaifuata orodha kwa wiki tatu hadi nguo zikanipwaya, na nilipopima tena nikakuta 10.9. Kilichonisaidia baadaye ni mashine ndogo ya kupimia sukari, daftari la shule lililopigwa mistari na mazoea ya kupima kwa jozi, yaani kabla ya kula na baada ya kula, na hayo ndiyo ninayoyaeleza hapa.

Maelezo haya yanamhusu mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho huwapata wengi wanaogundulika ukubwani. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho kongosho limeacha karibu kabisa kutengeneza insulini, yaani homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, na kile kinachojitokeza wakati wa ujauzito vina taratibu zake, na mwenye hali hizo asibadilishe chochote kabla ya kuzungumza na kliniki yake.

Namba zinazosemwa

Kisukari hutambuliwa pale sukari inapokuwa 7.0 au zaidi kwa mtu ambaye hajala kwa angalau saa 8, au 11.1 na kuendelea wakati wowote kwa mtu mwenye dalili za wazi kama kiu isiyokatika, kukojoa kila mara na kupungua uzito bila sababu. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuthibitishwa. Namba hizi ni za millimoli kwa lita, kizio kinachotumika katika zahanati na hospitali zetu nyingi. Mashine inayoletwa na ndugu aliyeko Marekani kwa kawaida husoma kwa miligramu kwa desilita, na namba zake ni za kwetu zilizozidishwa kwa 18. Kwa hiyo anayeona 126 asidhani kwamba mauti yamemfikia, kwa sababu hiyo ni 7.0 ileile.

Baada ya kuanza matibabu, lengo la watu wazima wengi ni kuwa kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10.0 saa moja hadi mbili baada ya kuanza kula. Mzee wa miaka 80, mtu anayeishi peke yake na huwa anashukiwa na sukari ghafla, au mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo au figo, hulegezewa malengo haya na daktari, na hapaswi kushindana na kijana wa nyumba ya pili.

Kupima kwa jozi

Kipimo kimoja cha asubuhi hukueleza umeamkaje, lakini hakikuelezi chakula gani kilikufikisha hapo. Ili kujua hilo, pima kabla ya kula, tazama saa unapotia tonge la kwanza mdomoni, kisha pima tena saa mbili kamili baadaye, na uandike namba zote mbili katika mstari mmoja pamoja na ulichokula na kiasi chake. Jambo la kutazama ni tofauti ya namba hizo mbili. Ukianza na 7.1 ukamaliza na 9.0, sahani ile inakufaa hata kama ilikuwa na chakula ambacho jirani alikikataza. Ukianza na 7.0 ukamaliza na 13.2, sahani imekuzidi hata kama kila kilichokuwemo kinasifiwa. Mimi nimejiwekea kwamba tofauti isizidi 3, na inapozidi narudi jikoni kuuliza nini kilibadilika.

Vijiti vya kupimia ndivyo vinavyokula fedha, si mashine yenyewe. Kabla ya kununua mashine, uliza kwanza bei ya vijiti vyake na kama duka la karibu huwa navyo mwaka mzima, maana kijiti cha mashine moja hakifanyi kazi kwenye nyingine, na mashine ya bure isiyo na vijiti hugeuka pambo la kabati. Kisha panga matumizi. Chukua jozi moja tu kwa siku: leo kifungua kinywa, kesho chakula cha mchana, keshokutwa cha usiku, halafu rudia. Katika siku 21 utakuwa na jozi 7 za kila mlo kwa vijiti 42, na kwenye boksi la vijiti 50 vitabaki 8 vya siku utakayojisikia vibaya. Anayetumia insulini hawezi kuishi kwa ratiba hii, kwani yeye hupima mara nyingi zaidi kama alivyoelekezwa.

Namna ya kupima nayo ina hila zake. Osha mikono kwa sabuni na maji, ikauke. Siku moja nilimenya embe, nikaifuta mikono kwa kitambaa, nikapima, mashine ikaandika 17.8, nilipokwisha kushtuka nikanawa vizuri, nikapima kidole kilekile, nikapata 8.3. Utomvu wa tunda ulioko kwenye ngozi huhesabiwa kama sukari ya damu. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole wala si katikati, kwa sababu katikati ndiko kwenye maumivu na ndiko unakoshikia vitu. Ining'inize mikono kwa muda kabla ya kutoboa ili usilazimike kukikamua kidole. Funga kopo la vijiti mara tu unapotoa kimoja, hasa kwa tunaoishi pwani, maana unyevunyevu wa hewa huviharibu kabla ya tarehe iliyoandikwa. Sindano ya kutobolea ni ya mtu mmoja, haiazimwi hata kwa mke au mume, na zilizotumika zikae kwenye chupa ngumu yenye kifuniko.

Yaliyomo kwenye sahani

Wiki ya kwanza nilipoanza jozi nilitaka kujua ukweli kuhusu dona. Nilikula ugali wa sembe kama nilivyozoea, pamoja na samaki na mchuzi, nikatoka 7.4 hadi 13.8. Safari iliyofuata nikala dona, kiasi kilekile, samaki wa aina ileile, nikatoka 7.2 hadi 13.1. Safari ya tatu nikarudi kwenye sembe, lakini ugali ukawa sawa na ngumi yangu moja, nusu ya sahani ikajaa mchicha, na samaki akabaki vilevile, nikatoka 7.5 hadi 9.6. Huo ni mwili wangu, wako unaweza kusema tofauti, ila jambo moja halina ubishi: dona, mtama, ulezi na muhogo vyote ni wanga, na ingawa nafaka isiyokobolewa ina nyuzinyuzi nyingi na ina faida zake, haikupi ruhusa ya kula mlima. Watu wengi wenye kisukari hubadilisha unga, wasibadilishe kiasi, kisha wakashangaa.

Kwa hiyo pima sahani kwa macho: nusu yake iwe mboga za majani au mboga nyingine zisizo na wanga mwingi, kama mchicha, matembele, sukuma wiki, kisamvu, bamia, kabichi na biringanya; robo iwe samaki, dagaa, kuku, nyama isiyo na mafuta mengi, mayai au maharage; na robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi, viazi au chapati. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina wanga pia, lakini wake huingia kwenye damu polepole. Ukianza na mboga na kitoweo, ukamalizia na wanga, mara nyingi namba ya saa mbili hushuka kuliko ukianza na wanga, na jozi zako zitakuonyesha ni kwa kiasi gani.

Ugumu unakuja pale watu wanapokula pamoja kwenye sinia. Huwezi kujua robo yako ni ipi wakati mikono mitano inachota kutoka lundo moja la wali, na kujitenga na sahani yako pembeni, hasa mbele ya wakwe, huonekana ni kiburi. Nilichofanya ni kupakua mboga zangu kwenye bakuli na kuzimaliza kabla sinia halijatua mkekani, kisha kula pamoja na wenzangu kwa matonge ninayoyahesabu. Nikifika kumi nageukia mchuzi na mazungumzo.

Vinywaji ndivyo vinavyowaponza wengi, kwa sababu havihesabiwi kuwa chakula. Kijiko kidogo cha sukari kina takriban gramu 4. Anayetia vijiko vitatu kwenye kikombe na kunywa vikombe vitatu kwa siku amekunywa gramu 36. Soda ya chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 30. Juisi ya miwa na ya maembe, hata ikikamuliwa mbele yako bila kuongezwa chochote, ni sukari iliyoachana na nyuzinyuzi zake, ndiyo maana kipande cha tunda ni afadhali kuliko glasi. Asali na sukari guru hupandisha sukari kama sukari nyingine, sifa zake zote tuziache kando. Uji nao, hata ule unaoitwa wa lishe, ni wanga uliosagwa na kupikwa hadi ukawa mwepesi kufyonzwa, na kikombe kikubwa cha asubuhi kinaweza kukushangaza. Nyumbani omba chai iachwe bila sukari kwenye chupa, kila mtu atie yake. Tangawizi na hiliki hufidia sehemu kubwa ya kinachokosekana, na baada ya wiki mbili au tatu ulimi huzoea.

Kuna chakula kimoja kilichonidanganya, nacho ni chapati za kusukuma zilizolowa mafuta. Saa mbili baada ya kula nilikuta 9.1, nikafurahi, kumbe mafuta hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula, na nilipopima saa nne baada ya kula nikakuta 12.7. Wali wa nazi na biriani nao wanaweza kufanya hivyo. Kwa vyakula vya namna hii, mara mojamoja tumia kijiti cha tatu.

Kutembea na kuamka

Msuli unaofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapofanya kazi yake kwa udhaifu, na wakati unaofaa kuutumikisha ni baada tu ya kula, sukari inapopanda. Dakika 15 za kutembea kwa mwendo wa kuchangamka baada ya chakula cha usiku zinaonekana kwenye daftari siku ileile. Kwa wiki lenga dakika 150. Kufagia uwanja, kulima bustani na kupanda ngazi vinahesabiwa vyote; anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari mno atembee na kitu kitamu mfukoni.

Asubuhi utakutana na kitendawili: ulilala na 7.0, hukula kitu, umeamka na 8.6. Alfajiri mwili huandaa homoni za kuamka, nazo huliambia ini litoe sukari lililoihifadhi, na kwa mwenye kisukari insulini haitoshi kuizuia. Nimeshasikia ndoa zikitikisika kwa mume kutuhumiwa kwamba huamka usiku kula maandazi, wakati mwizi ni ini lake. Namba ya asubuhi huwa ya mwisho kushuka, na mara nyingi dawa ndiyo huifikia.

Dawa

Wengi huanzishiwa metformini, ambayo hulizuia ini kutoa sukari kupita kiasi na husaidia mwili kuitumia insulini uliyo nayo. Kwa kawaida huanza kwa miligramu 500 na kuongezwa taratibu, kwa sababu hukoroga tumbo; imeze pamoja na chakula au mara tu baada ya kula, na kama kuhara hakuishi baada ya wiki chache uliza kuhusu ile inayoyeyuka polepole, usiiache kimyakimya. Ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Inapotumika kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, hivyo ganzi ya miguu isichukuliwe moja kwa moja kuwa ni ya kisukari tu.

Vidonge vya jamii ya glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi ni tofauti, maana hulisukuma kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala. Ukimeza kisha ukaruka mlo, sukari inaweza kuporomoka. Soma jina kwenye pakiti na ujue dawa yako iko upande gani.

Namba nzuri si sababu ya kuacha dawa, kwa kuwa huenda ni dawa hiyo iliyoileta. Majani, magome na unga wa mbegu unavyopewa na watu wema usivitumie badala ya dawa, na kama unavitumia pamoja nayo mwambie daktari, kwa sababu vingine hushusha sukari na vikikutana na kidonge vinaweza kukuangusha. Anayeambiwa aanze insulini asidhani amehukumiwa. Kongosho huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na insulini hurudisha kile kinachopungua. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye jokofu mbali na sehemu ya kugandisha, maana ikiganda imekwisha. Pasipo na jokofu, ifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, iweke ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, kivulini penye upepo. Maji yanapokauka hubeba joto.

Sukari inaposhuka

Kutetemeka, jasho la ghafla, moyo kwenda mbio, njaa ya kuchanganya na maneno yasiyoeleweka ni dalili za kushuka. Pima ukiweza, ikiwa chini ya 3.9, au huwezi kupima, chukua gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Ikipanda, kula mlo wako. Chokoleti na chapati hazifai kwa dharura hii kwa kuwa mafuta huzichelewesha. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Wafundishe wa nyumbani hili kabla halijatokea, hata mtoto wa darasa la nne anaweza kukoroga sukari.

Homa na Ramadhani

Malaria, jipu au mafua makali hupandisha sukari hata kama huli. Kunywa maji, pima mara nyingi zaidi, na mwenye insulini asiiache kwa sababu tu hana hamu ya kula, bali apige simu kliniki kuuliza kipimo. Anayetapika na kuhara sana aulize kama asimamishe metformini hadi apone. Kutapika kusikokoma, kupumua kwa kasi na kwa kina, usingizi usio wa kawaida au sukari inayokataa kushuka chini ya 15 ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla, kwa sababu saa na vipimo vya dawa hubadilishwa, na wapo ambao wataambiwa wasifunge. Kutoboa kidole hakubatilishi saumu, hivyo hakuna udhuru wa kutopima. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.7, fungua hapohapo. Kwenye futari tende moja au mbili zinatosha, na usiunganishe mihogo, viazi, tambi na uji katika kikao kimoja. Chagua kimoja, vingine vipe siku yake.

Siku ya kurudi kliniki

Baada ya miezi mitatu omba kipimo kinachoandikwa HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita kwa kusoma kiasi kilichonata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Lengo la wengi ni chini ya asilimia 7. Mwenye selimundu, upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni amweleze daktari kwanza, kwani chembe zake hazina umri wa kawaida na jibu linaweza kupotosha. Kwake daftari lina uzito zaidi. Siku hiyohiyo upimwe shinikizo la damu, mkojo kwa ajili ya figo, na uulize lini utachunguzwa macho ndani kabisa, maana retina, utando ulio nyuma ndani ya jicho, huanza kuharibika kabla hujaona ukungu. Miguu ikague mwenyewe kila usiku kwa kioo, hasa katikati ya vidole na nyayo, na usitembee peku hata uani, kwa sababu mguu wenye ganzi haukwambii kwamba umekanyaga kigae.

Nilipolipeleka daftari langu, daktari alipitisha kalamu kwenye safu ya chakula cha usiku, akazungushia jozi nne, akaniuliza huwa nakula saa ngapi. Nikamjibu kwamba nakula saa tatu na nusu, baada ya taarifa ya habari, kisha nalala. Hakuongeza kidonge. Aliniagiza nisogeze chakula hadi saa moja na nusu, nitembee, nipime saa tatu na nusu ambapo zamani ndipo nilikuwa naketi kula, na nirudi baada ya wiki nne na safu hiyohiyo ikiwa imejazwa.